Keateka akienda likizo jengo lisikwame: kujenga kikosi imara cha kusimamia nyumba za kupangisha

Ofisi nyingi za kusimamia nyumba za kupangisha jijini Nairobi zina mhasibu, ajenti mmoja au wawili wa kuzunguka mitaani, mafundi wa kuitwa, na keateka, yaani mtunzaji anayelala papo hapo, katika kila jengo. Ukiwahesabu ni wengi, lakini kila jengo limemwegemea mtu mmoja. Keateka ndiye anayejua koki inayofunga maji ya ghorofa ya tatu, mita zipi zimebandikwa namba za nyumba zisizo zake, na mpangaji yupi hulipa tarehe 10 bila kukosa. Akiugua au akiacha kazi ghafla, ofisi inaanza upya. Semina za kutia moyo hazitibu hali hiyo. Dawa yake ni laini ya simu, daftari, funguo na pesa.

Anza na laini. Isajiliwe kwa jina la kampuni, moja kwa kila jengo, ikae kwenye simu ya bei nafuu inayobaki kazini. Keateka anayetumia namba yake mwenyewe akiondoka huenda na mawasiliano yote, na wapo wapangaji watakaoendelea kumtumia kodi. Kodi yenyewe ipitie paybill ya ofisi, yaani namba yake ya kupokea malipo kwa simu, namba ya akaunti ikiwa namba ya nyumba, kwa mfano B07. Kundi la WhatsApp la jengo liwe na wasimamizi wawili, mmoja wao akiwa wa ofisini.

Kisha andikeni daftari la jengo. Nakala moja ikae kwa keateka, nyingine ofisini, nazo ziwe na:

- koki kuu na koki ya kila ghorofa, zikiwa zimefungwa vibao vya namba kwa waya;
- namba ya mita ya stima ya pampu na taa za ngazi, na nani hununua tokeni;
- swichi kuu iko wapi, na ufunguo wa chumba chake uko kwa nani;
- fundi wawili wa kila kazi, maana wa kwanza atakuwa Kisii siku bomba linapopasuka;
- ujazo wa tangi, na maji yake hudumu siku ngapi.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Jengo la nyumba 24 zenye watu watatu kila moja, kila mtu akitumia lita 50 kwa siku, humaliza lita 3,600. Tangi la lita 10,000 likiwa limejaa halifiki siku tatu. Anayejua hesabu hiyo hampigii fundi saa saba usiku pampu ikizima. Huwatangazia wapangaji wabane matumizi, akasubiri asubuhi. Asiyeijua huamsha mji mzima, au hukaa kimya mpaka mifereji ikauke.

Daftari peke yake halitoshi, kwa hiyo waunganisheni makeateka wawili wawili wa majengo jirani, kila mmoja awe msaidizi wa mwenzake. Nafasi nzuri ya kufundishana ni siku ya kusoma mita za maji kati ya tarehe 25 na 28, kwa sababu kazi hiyo humpitisha mtu kila ghorofa na kila mlango. Leo wasome kwa huyu, kesho kwa yule. Kosa la kawaida ni kumtaja msaidizi bila kumpa funguo: jina lipo kwenye orodha, lakini geti la chumba cha pampu halimfungukii.

Sasa mpeni keateka likizo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa angalau siku 21 za kazi kila mwaka, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mapumziko haya ndiyo huliwa kimyakimya, kwa kuwa keateka analala papo hapo na wapangaji wanabisha mlangoni. Simu ya jengo ikabidhiwe msaidizi Jumamosi jioni mpaka Jumapili jioni, na namba ya simu hiyo ibandikwe kwenye geti. Likizo ya kwanza iwe ya siku tatu, katikati ya mwezi, mbali na msongamano wa kodi na wa watu kuhama. Kila swali ambalo msaidizi atalazimika kumpigia keateka ni pengo la daftari. Liandikwe siku hiyohiyo.

Kuhusu pesa, wekeni viwango. Mathalani, keateka aamue mwenyewe hadi shilingi 3,000 akileta risiti na picha, ajenti hadi 15,000, na zaidi ya hapo mwenye nyumba aulizwe. Bila hivyo, choo kilichoziba hungoja idhini siku mbili huku keateka akitukanwa kwenye ngazi. Watu wengi katika kazi hii hawachoshwi na mabomba. Huchoshwa na kulaumiwa kwa jambo wasiloruhusiwa kulirekebisha.

Madai ya kodi yatoke ofisini, kwa maandishi na kwa jina la ofisi. Msimtume keateka kufunga mlango wa mpangaji kwa kufuli. Mbali na kwamba kumfungia mtu nje bila amri kunaweza kuwafikisha mahakamani, keateka atarudi kulala kati ya watu haohao.

Hatari moja haina mjadala: asiingie mtu kwenye shimo la maji taka, hata kama ni kuokota ndoo. Gesi iliyomo humzimisha mtu mara moja, na anayeshuka kumwokoa humfuata. Kazi hiyo ni ya gari la kunyonya. Kwa ajali nyingine, bima ya majeraha kazini inatakiwa na sheria nyingine ya 2007, ya fidia za majeraha kazini (WIBA), na iwahusu pia askari na wasafishaji mliowaajiri.

Keateka akiondoka kwa heri au kwa shari, tengeni siku mbili za makabidhiano akiwa bado na mshahara: kuhesabu funguo, kujaribu kila koki, kulinganisha orodha ya wapangaji na milango, kurudisha simu na kubadilisha namba yake ya siri. Malipo ya mwisho yatoke siku makabidhiano yanapotiwa saini. Mkiyachelewesha, hamtamkuta tena kwa simu wakati mita ya B07 itakapokuwa inahesabu maji ya B08.