Usiuze Raifo Mbalamwezi Ikiwaka

Raifo yangu ilikuwa bunduki ya Kicheki aina ya BRNO, ya risasi ndogo za .22, niliyorithi kwa baba. Niliiuza ili nitengeneze injini ya mtumbwi. Injini yenyewe ilikufa tena kabla ya masika. Raifo iko Sengerema kwa mwenyewe, na mimi kila nikienda shambani Misungwi nikawasikia kanga jioni, bega la kulia linaniwasha. Kwa hiyo naandika kwa ajili yako wewe unayeiangalia ya kwako sasa hivi huku unapiga hesabu.

Anza kwa kuangalia mwezi. Sisi wa dagaa tunavua gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala nchi kavu na mifuko inalala nayo. Mimi niliamua kuuza siku ya tatu ya mbalamwezi, nyumbani unga umeisha, fundi anapiga simu asubuhi na jioni. Subiri giza lirudi, uingie majini, ushike hela kidogo. Ukiwa nazo mkononi na bado unataka kuuza, basi uza.

Halafu jiulize ni kipi kinanunulika tena. Nyavu zipo, injini zipo madukani. Lakini raifo ile baba aliikata kitako, ile mbao inayoegemea begani, kwa msumeno, upana wa vidole viwili, kwa sababu alikuwa na mikono mifupi kama mimi. Akapiga msasa, akapaka mafuta. Pale shavu linapokaa palikuwa peusi, panang'aa kama kigoda cha bibi. Nimewahi kujaribu ya rafiki yangu, mpya, nzuri kuliko yangu kwa kila kitu: kitako kinanikwama kwapani, shavu halipati pa kukaa, kanga keshapaa mimi bado natafuta shabaha. Vile vidole viwili sikuvitia kwenye bei.

Ukishaamua, silaha haiuzwi kama simu. Mnunuzi awe na kibali chake, mwende polisi wote wawili, umiliki uhame kwenye karatasi ndipo chuma kitoke mkononi mwako. Mtu akikuambia "niachie wiki moja niijaribu", kataa, hata akiwa shemeji. Likitokea la kutokea, jina litakalosomwa ni lako. Kabla hujaondoka nyumbani, nakili namba iliyogongwa kwenye chuma, piga picha pande zote, toa nakala ya leseni. Mimi sikufanya hata kimoja.

Neno la "siku ukiichoka nipigie mimi kwanza" liseme kabla pesa hazijahesabiwa, na shahidi awepo. Mimi nililisema nikiwa mlangoni, noti ziko mfukoni. Mnunuzi akacheka: "Sawa, mzee."

Na kama umeshauza? Usimsumbue mtu. Mara mbili nilivuka na kivuko cha Kigongo kwenda kwake, eti nafuata mihogo. Mara ya pili mkewe alinipa chai akaniambia baba watoto amesafiri. Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Siku hizi kuna daraja, unavuka Busisi chai haijapoa, ndiyo maana najizuia zaidi. Nampigia sikukuu tu, nauliza watoto na mvua. Habari ya raifo siigusi. Kila giza likiisha natenga kidogo kwenye kopo la maziwa ya unga, na leseni nitaiomba upya mapema, maana ile ya zamani niliirudisha.

Mwezi uliopita kapiga yeye mwenyewe. Ni mrefu yule bwana, kitako kinambana, shingo inamuuma. Akaniuliza kama namjua fundi seremala wa kumwongezea kipande cha mbao.

Kipande alichokata baba ninacho, kwenye boksi la nyavu, chini ya maboya. Nimemwambia nitamtafutia fundi.