Kupunguza mapigo ya mikrokontrola: kinachohesabiwa ni kristali

Hapa Mombasa matangi ya maji yako juu ya paa kila mtaa, na vipima maji tunavyotengeneza wengi wetu vinatumia mikrokontrola (chipu ndogo inayoendesha programu) ya ATmega328P, yenye kristali ya 16 MHz, yaani inayoipigia chipu mapigo milioni 16 kwa sekunde. Mteja akitaka mzigo uende Marekani, soma kwanza kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, Sehemu ya 15. Kifaa cha betri husamehewa viwango vya mawimbi ya redio yanayovuja iwapo masafa (idadi ya mapigo kwa sekunde) ya juu kabisa kinayozalisha na kutumia hayafiki 1.705 MHz. Msamaha huo hauruhusu kuvuruga redio za wengine.

Hatua ya 1: Tafuta masafa ya juu kabisa kwenye saketi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanagawanya mapigo kwa 16 kupitia CLKPR, rejista ya chipu inayogawanya mapigo, programu inakwenda kwa 1 MHz, wanadhani wamemaliza. Kristali bado inapiga 16 MHz! Hata osileta ya ndani (saketi ya chipu yenyewe ya kuzalisha mapigo), ambayo chipu hutoka nayo kiwandani ikigawanywa kwa 8, inapiga 8 MHz.

Hatua ya 2: Badilisha chanzo chenyewe. Kristali ya saa ya mkononi, 32.768 kHz, yatosha kabisa kusoma kiwango cha maji. Panga fyuzi za CKSEL (mipangilio ya chipu inayochagua chanzo cha mapigo), kisha F_CPU, namba inayoiambia programu kasi hiyo. Baada ya hapo programa, kifaa cha kuingiza programu kwenye chipu, lazima iende polepole, chini ya robo ya mapigo ya chipu. Kwenye avrdude, programu ya kompyuta inayoiendesha programa, weka `-B 250`, la sivyo chipu haitajibu nawe utadhani imekufa.

Hatua ya 3: Angalia chaja. Kifaa kikiweza kufanya kazi huku kinachajiwa kwa umeme wa ukutani, msamaha hakuna.

Hatua ya 4: Ukilazimika kubaki na 16 MHz, vipimo vya maabara vitafika hadi 1000 MHz, kwa kuwa mapigo hutoa pia mawimbi ya mara mbili, mara tatu na kuendelea. Mara sita ya 16 ni 96, katikati ya bendi ya FM. Sogeza redio ndogo karibu na bodi, kwenye 96 MHz pasipo na stesheni. Usisubiri kelele: mara nyingi ule mvumo wa redio hunyamaza, maana imeshika wimbi la bodi lisilo na sauti. Sasa chomoa waya unaopanda tangini. Mvumo ukirudi, waya ndio antena. Kwa 100 MHz sentimita 75 tu zatosha. Weka rezista ya omu 100 pale waya unapotoka kwenye pini, na kapasita ya 100 nF karibu kabisa na kila jozi ya pini za VCC (umeme) na GND (ardhi), kisha sikiliza tena kabla ya kulipia maabara.