Vitu vya kuandaa kabla mtoto hajazaliwa, anza na wiki mbili za kwanza tu

Mama kijacho, kabla hujanunua chochote kaa chini kwanza uiwaze siku moja ya mtoto mchanga inavyokwenda. Atanyonya mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24, atabadilishwa nepi karibu mara hizo hizo, na muda unaobaki ni kulala, kulia kidogo, kulala tena. Yani hiyo ndo siku yake nzima. Kwa hiyo anahitaji kula, kukaa msafi, kupata joto na kulala salama, basi, na kitu chochote ambacho hakiingii kwenye hayo manne kinaweza kusubiri mpaka azaliwe. Mimi nashauri uandae vya wiki mbili za kwanza, usiandae vya mwaka, maana zikipita hizo wiki mbili ushamjua mtoto wako na unajua kabisa nini kimepungua na nini hujakigusa.

Kuhusu muda, wiki ya 28 hivi anza kidogo kidogo, ila ikifika wiki ya 36 begi la hospitali liwe limeshafungwa. Mimba inahesabiwa imekomaa kuanzia wiki ya 37 lakini wapo watoto wanaotangulia, na uchungu ukikushika saa nane usiku hutaki kuanza kumuelekeza mtu kofia iko kabati lipi.

Tuanze na nguo maana ndo watu tunapopotelea. Zile size ndogo kabisa za mtoto mchanga nunua chache sana, wengine wanazaliwa wakubwa hazipiti hata siku ya kwanza, bora ununue nyingi za miezi 0 hadi 3, zikimzidi kidogo unakunja mikono. Vesti za ndani 6 hadi 8, ovaroli za kulalia 6, soksi jozi 5 au 6, kofia 2 au 3, sweta moja au mbili kulingana na hali ya hewa ya unapoishi, na shali mbili. Chagua za pamba na zinazofunguka mbele au kwenye bega, kwa sababu shingo ya mtoto bado laini na kumvua nguo ya kupita kichwani huku imechafuka choo mpaka mgongoni ni shughuli pevu. Vifungo vya kubana ni rahisi usiku kuliko vya kupitisha tunduni. Halafu zote zifue kabla hajazivaa, sabuni isiyo na manukato, kata na zile lebo za shingoni zinakwaruza. Kuhusu joto fuata kipimo hiki, mvalishe nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, ukitaka kujua kama anasikia baridi mshike kifuani au kisogoni, mikono na miguu ya mtoto mchanga kuwa ya baridi ni kawaida isikutishe.

Nepi sasa. Ukitumia pampas, zile za namba ndogo kabisa mara nyingi ni za kilo 2 hadi 5, na mtoto anamaliza 8 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo pakiti mbili tatu zinakutosha kuanzia, usijaze stoo. Ukitumia za kitambaa andaa 20 hadi 24 ili zinazofuliwa zisikuache mikono mitupu. Choo cha siku za mwanzo ni cheusi na kinanata kama lami, usishtuke, pamba na maji ya uvuguvugu vinakitoa vizuri kuliko waipsi, na kama utatumia waipsi chukua zisizo na harufu wala spiriti. Mafuta ya kuzuia upele wa nepi kopo moja tu. Na pampas zina faida nyingine ambayo wengi hawaijui, zinakuambia kama mtoto anashiba, kuanzia siku ya 5 au 6 anatakiwa alowanishe 6 au zaidi kwa siku, zikiwa chache kuliko hapo nenda wamuangalie.

Vya kuogea havina mengi. Beseni lake peke yake, taulo mbili laini, vitambaa vidogo vya kufutia, sabuni ya watoto isiyo na manukato ambayo hata hivyo wiki za kwanza maji matupu yanatosha. Shirika la Afya Duniani wanashauri mtoto asiogeshwe mpaka saa 24 zipite tangu azaliwe, joto lake lisishuke, kwa hiyo ule utando mweupe aliozaliwa nao usiuonee haraka, unamlinda ngozi. Maji pima kwa kiwiko au themomita, yawe kama nyuzi 37. Poda achana nayo kabisa, ule unga unaingia kwenye mapafu yake. Kitovu kiache kisafi na kikavu, pampas ikunjie chini yake, usipake kitu chochote zaidi ya dawa uliyopewa na mkunga kama amekupa, kitadondoka chenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu.

Hapa kwenye kulala naomba tuelewane vizuri maana ndo panaponiuma. Kitanda cha mtoto kinachopendeza kwenye picha kina mito, midoli, blanketi nene na vile vizuizi laini vya pembeni, na vyote hivyo vinaweza kumziba pumzi. Anachohitaji ni godoro gumu, tambarare, linaloenea kitanda kiasi kwamba vidole viwili havipati pa kuzama pembeni, shuka lililobanwa vizuri, basi. Alazwe chali, kila usingizi, mchana na usiku, na asilazwe kwenye kochi hata kwa dakika tano. Uingereza walianza kampeni kubwa ya kuwaambia wazazi wawalaze watoto chali mwaka 1991, Marekani wakafuata 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa nusu na zaidi. Yani kulaza tu, bila dawa wala mashine. Kwa hiyo hela ya mito na mapambo ihamishie kwenye godoro. Kofia ni ya kutokea nje na ya zile saa za mwanzo baada ya kuzaliwa, akishalala ndani mvue asizidiwe na joto. Kama unapoishi kuna mbu, chandarua kiwe kwenye orodha yako juu kabisa.

Kunyonya hakuhitaji manunuzi mengi, kunahitaji mtu wa kukuonyesha. Mtoto awekwe kifuani ndani ya saa moja ya kwanza apate dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ni machache ila yanamtosha. Wewe nunua sidiria za kunyonyeshea mbili au tatu, zipime mwishoni mwa ujauzito zisikubane, na pedi za maziwa. Pampu subiri, wengine hawaihitaji kabisa. Ukijua mapema kwamba utatumia maziwa ya kopo, andaa chupa 4 hadi 6, brashi ya kuoshea, sufuria la kuchemshia vyombo, na maji ya kuchanganyia yawe yamechemka na bado yako juu ya nyuzi 70, ndipo uyapooze kabla ya kumpa.

Sasa wewe mama. Mtoto wangu wa kwanza nilirudi naye nyumbani ana kabati limejaa, mimi mwenyewe nina pakiti moja ya pedi, usiku wa pili zikaisha na dada yangu akatoka gizani kunitafutia. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba damu baada ya kujifungua inaweza kuendelea mpaka wiki 6, hata kama umejifungua kwa operesheni. Kwa hiyo chukua pedi kubwa za wazazi pakiti tatu nne, chupi za pamba pana zinazopanda juu zisiguse mshono, magauni ya kulalia yanayofunguka mbele, ndala za kuingilia bafuni, chupa kubwa ya maji maana kunyonyesha kunaleta kiu kali, na dawa yoyote ya maumivu waliyokuandikia ikae mahali unapofikia bila kuinama. Mtu akikuuliza akuletee zawadi gani, mwambie pedi au aje akufulie, usione aibu.

Begi la hospitali liwe na nguo za mtoto seti 3, pampas 10 hivi, shali, kofia, vitu vyako hivyo juu, chaja yenye waya mrefu, kadi ya kliniki, kitambulisho na kadi ya bima kama unayo. Baba kijacho aliandae pamoja na wewe, si kuonyeshwa tu, akishaweka kwa mkono wake hatakupigia simu ukiwa leba. Kama mnarudi kwa gari, kiti cha mtoto kifungwe siti ya nyuma na mtoto aangalie nyuma, na cha mtumba usikichukue kama hujui kimepitia nini, kilichowahi kupata ajali hakifai hata kama hakina ufa.

Cha mwisho ni kidogo na ndicho kinachosahaulika, themomita ya dijitali. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, au akishuka chini ya 36 na kumkumbatia hakumpandishi, usimpe dawa ya nyumbani wala usisubiri kukuche, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Hivyo hivyo akigoma kunyonya, akipumua kwa shida au akilegea. Namba ya mkunga na ya mtu mwenye usafiri iandike kwenye karatasi uibandike ukutani, simu huwa inazima.