Moto gani sasa? Namna ya kupanga senario za moto, mfano wa gesti moja ya Mtwara

Kuna mama mmoja hapa Mtwara mjini ana jengo la ghorofa moja, chini fremu nne za maduka, juu gesti ya vyumba 14, ngazi ni moja tu ya zege iko katikati. Aliniita nimwambie anunue mitungi mingapi ya kuzimia moto. Swali lake ndo hilo tu na hela alishaitenga. Nikamwambia mama subiri kidogo, tujue kwanza tunapambana na moto gani. Akanitazama. "Kwani moto si moto tu mwanangu?"

Basi nieleze hapa nilivyofanya, maana naona mafundi na wachora ramani wengi wanaulizwa swali kama la huyu mama wanaishia kuhesabu mitungi.

Kawaida jengo linafuata kanuni mstari kwa mstari, ngazi ngapi, mlango upana gani, umbali wa kutembea mpaka nje usizidi kiasi fulani, ukitimiza umemaliza. Sasa hili jengo limebanwa na majirani pande mbili na ngazi ya pili huna pa kuiweka kirahisi. Hapo ndo inaingia njia nyingine, ya kupima utendaji, yani unaonyesha kwa hesabu kwamba kila mtu anatoka kabla moshi haujamkuta. Ila huwezi kuonyesha hivyo hewani hewani, lazima useme moto umeanzia wapi, unawaka nini, unakua kwa kasi gani, mlango upi uko wazi, king'ora kipo au hakipo, watu wamelala au wako macho. Huo mkusanyiko wote ndo unaitwa senario ya moto. Zile namba za joto na moshi zinazotoka humo ndo moto wa usanifu. Watu wanarukia namba wanasahau mlango, na mlango mara nyingi ndo unaoua.

Kabla ya yote kubalianeni kufeli ni nini. Mimi natumia vipimo vinavyotumika sana: tabaka la moshi lisishuke chini ya mita 2 kutoka sakafuni, na kama watu wanalazimika kupita ndani ya moshi basi joto lisizidi nyuzi 60, waone mbele angalau mita 10, na mionzi ya joto isizidi kilowati 2.5 kwa mita mraba. Andika hivi kwenye ukurasa wa kwanza, peleka kwa afisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mapema, kabla hujapiga hesabu yoyote. Ukimpelekea hesabu imeisha halafu akakataa vipimo vyako umepoteza mwezi mzima, na kusema kweli kosa litakuwa lako.

Halafu nenda ukalikague jengo usiku. Hii narudia kwa kila kijana ninayefanya nae kazi, ramani inachorwa mchana ila watu wanafia moto usiku. Mimi nilienda saa tano na nusu, msimu wa korosho, gesti imejaa wanunuzi na vibarua waliotoka Newala na Tandahimba. Kitabu cha wageni kilikuwa na majina 14. Nilihesabu vichwa nikapata 31, wengine wamelala kwenye mikeka chini. Grili ya mlango wa chini imefungwa kufuli, ufunguo uko kwenye mfuko wa koti la mlinzi, na mlinzi mwenyewe ameenda kunywa chai kijiweni, mita kama sitini hivi. Na pale chini ya ngazi, kwenye kile kinafasi ambacho kwenye ramani kimeandikwa "wazi", zimepangwa pikipiki nne zimeegemezana, moja inavuja petroli kidogo kidogo kwenye kopo la rangi walilolitega chini yake. Kopo limejaa nusu. Nilipomuuliza mlinzi akasema "zikilala nje zinaibiwa bwana", na ana haki, zinaibiwa kweli.

Ukitoka hapo kaa chini uandike moto wote unaoweza kutokea, usichague bado. Kanuni ya Marekani ya NFPA 101 ina senario nane ambazo lazima uzipitie, na hata kama hatujafungwa nayo huku kwetu ni msaada mzuri wa kutosahau kitu. Ya kwanza ni moto wa kawaida wa jengo la aina hiyo, kwa gesti ni godoro chumbani, sigara au chaja. Ya pili moto unaokua kwa kasi kubwa sana kwenye njia kuu ya kutokea huku milango ya ndani iko wazi, hapo niliandika neno moja tu, pikipiki. Ya tatu moto unaoanzia chumba ambacho kwa kawaida hakina mtu, stoo ya mashuka. Ya nne unaanzia ndani ya ukuta au juu ya silingi, hii kwetu ni nyaya zilizolazwa juu ya jipsam na ekstensheni zilizoungwa kwa mkono. Ya tano moto wa polepole uliojificha mahali ambapo vifaa vyako haviufikii. Ya sita ni mkubwa kuliko yote kwa mzigo mwingi uliopo ndani, duka la magodoro fremu ya tatu. Ya saba unatoka nje, jirani ana banda la makuti na mbao upande wa kusini, na upepo wa kusi unavyovuma huku pwani kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba hivi hiyo sio senario ya kubuni. Ya nane ni moto wa kawaida tu ila kifaa kimoja cha ulinzi kimegoma.

Huwezi kuzipigia hesabu zote kwa undani, utazeeka. Kwa kila moja jiuliza inatokea kirahisi kiasi gani na ikitokea inagusa watu wangapi, halafu zile zinazofanana ziunganishe ubaki na ile kali zaidi. Mimi nilibaki na nne: pikipiki, magodoro, jirani, na magodoro tena huku king'ora kimekufa. Moto wa chumbani niliuacha kwa sababu kila kitu kitakachookoa watu kwenye hizo nne kitawaokoa na huo pia. Andika sababu ya kila ulichoacha, hapo ndo afisa makini ataanzia kukuuliza maswali.

Sasa namba. Moto unaokua tunauchora kwa fomula nyepesi, joto kwa kilowati ni alfa (namba ya kasi ya moto kukua) mara muda wa sekunde uliozidishwa kwa wenyewe. Alfa ziko nne zinazozoeleka: polepole 0.0029, wastani 0.0117, haraka 0.0469, haraka sana 0.1876. Maana yake moto wa polepole unafika karibu megawati 1 kwa dakika 10, wa wastani dakika 5, wa haraka sekunde 150, na wa haraka sana sekunde 75. Magodoro ya sponji yaliyosimamishwa mpaka dari ninayaweka kwenye haraka sana bila kubishana na mtu.

Moto haukui milele, ndani ya chumba unafika mahali hewa inaisha. Kadirio la haraka ni 1500 mara eneo la uwazi mara kipeuo cha pili cha kimo chake, jibu linakuja kwa kilowati. Duka la magodoro lina mlango wa nyuma wa mita 0.9 kwa 2, unaotokea mguuni pa ngazi, niliukuta umewekewa jiwe usifunge. Hesabu inatoa kama megawati 3.8, na kwa alfa ya magodoro unafika hapo kwa sekunde 143. Ndani kulikuwa na magodoro kama 40, kila moja nimelikadiria kilo 8 za sponji na megajuli 25 kwa kilo, jumla megajuli 8,000. Gawanya kwa 3.8 unapata sekunde 2,100, yani moto una chakula cha kama dakika 35 kwa nguvu yake yote. Na hiyo ni kama mlango wa mbele wa kukunja umeshushwa. Hapa ndo napenda watu wasimame kidogo wafikirie jinsi sisi tulivyo, duka likiwaka usiku majirani wanakuja na nyundo na mitaimbo wavunje mlango waokoe mali, ni ubinadamu huo. Mlango wa mbele una mita 3 kwa 2.5, ukifunguka moto unapata hewa ya kuwaka mpaka megawati 17 na zaidi, ndimi zinatoka nje zinapanda madirisha ya gesti juu. Kwahiyo kwenye senario yangu niliandika kabisa kwamba dakika ya sita majirani wanavunja mlango wa mbele. Hutakuta hiyo kwenye kitabu cha mtu yeyote, ila kama unapanga senario ya Mtwara weka watu wa Mtwara ndani yake.

Pikipiki hazihitaji hesabu ndefu. Petroli iliyomwagika mita mraba moja inatoa karibu megawati 2, na haingoji kukua, inashika papo hapo. Korido ya juu ni mita 12 kwa 1.5, kimo 2.8, jumla mita za ujazo 50 tu. Hata moto wa megawati 1 unazalisha moshi wa mita za ujazo kadhaa kila sekunde na ngazi inaubeba kama bomba la jiko, korido inajaa chini ya nusu dakika.

Linganisha na watu. Muda wa kutoka una vipande vitatu, kugundua, kujiandaa, kutembea. Mlinzi akiwa macho na yuko pale nampa dakika moja agundue. Mtu aliyelala nyumba ya ugenini, hakuna king'ora, amechoka na kazi ya korosho, nampa dakika tano mpaka atoke kitandani avae na aelewe kinachoendelea, na hapo nimemuonea huruma mwenye jengo maana inaweza kuzidi. Kushuka ngazi watu 31 haizidi dakika moja. Umeona hapo? Kila mtu anagombania upana wa ngazi wakati kipande cha ngazi ndo kifupi kuliko vyote. Jumla dakika saba, na ngazi imekufa kabla ya dakika moja. Hata king'ora kizuri kikipunguza dakika nne bado umefeli. Mitungi ya mama, hata angenunua ishirini, hakuna mtu anayeshuka ngazi kuufuata moto wa petroli aubebe kifuani.

Kwahiyo jibu la senario ya pikipiki lilikuwa moja, pikipiki zitoke. Tukajenga kibanda cha nondo nyuma ya uwanja, kina kufuli na taa. La magodoro lilikuwa tofauti, pale king'ora kinasaidia kweli kwa sababu zege linazuia joto na shida yote ni ule mlango wa nyuma, ukiwa mzito na unajifunga wenyewe kwa springi moshi unabaki dukani, vigundua moshi vikawekwa dukani na koridoni vyenye betri maana umeme ukikatika ndo mishumaa inawashwa. Kisha ukaja ule mtihani wa kifaa kugoma: jiwe limerudi mlangoni, betri imekufa, watu wanatoka? Hawatoki. Nikaandika hivyo hivyo, sikuficha, na ndo sababu mama alikubali kuweka ngazi ya chuma dirisha la mwisho wa korido inayoshukia uani, iliyomla hela kuliko vitu vyote. Ufunguo wa grili tuliutoa mfukoni kwa mlinzi, tukaweka komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo.

Kama unataka picha nzuri zaidi ya moshi kuna programu za bure za CFAST na FDS kutoka NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, CFAST inamaliza haraka, FDS laptop yangu inachemka usiku kucha. Anza na karatasi lakini. Senario mbovu ukiiingiza kwenye FDS inatoka mbovu yenye rangi nzuri.

Ghala la korosho ni habari nyingine, pale moto unaweza kufukuta ndani ya magunia masaa mengi bila mwali na watu ni wachache na wako macho, kinachopimwa zaidi ni mali na wazimaji wenyewe wanaoingia. Usichukue senario za gesti ukazibandika huko.

Mwisho wa ripoti weka ukurasa wa masharti: magodoro yasizidi idadi gani, pikipiki zisirudi, wageni wasizidi wangapi, springi ya mlango ikaguliwe lini, namba ya zimamoto 114 ibandikwe mapokezi. Mama aliuliza tena, "na mitungi?" Nikamwambia miwili, mmoja mapokezi mmoja jikoni. Alicheka.

Juzi kanipigia simu, mpangaji wa magodoro amehama, anayeingia anauza rangi na tina. Ijumaa narudi na daftari.