Kuimarisha chini ya 2JZ: pima kwanza ndo ufunge stadi

Wakuu habari zenu. Hapa Kizota, Dodoma, haipiti wiki bila mtu kuja na Mark II au Altezza aliyoifungia 2JZ, ile injini ya Toyota ya silinda sita, anataka turbo kubwa, na swali lake la kwanza ni stadi za mein (vyuma vya nyuzi na nati vinavyobana krenki kwenye bloku badala ya boliti za kiwandani) zinapatikana shilingi ngapi. Stadi ni nzuri na mimi nafunga, lakini stadi peke yake haiimarishi kitu, inaweza hata kuua injini iliyokuwa nzima.

Naongelea 2JZ-GTE, lita 3, boa (upana wa silinda) 86 mm na stroku (mwendo wa pistoni) 86 mm, mein 7 (sehemu zinazoshika krenki), bloku ni ya chuma sio aluminiamu. Krenki yake ni ngumu sana, kwa hiyo ukiona imenoki (inagonga kwa ndani) mara nyingi sio bloku iliyoshindwa, ni oili haikufika au mtu hakupima.

Hatua ya kwanza, fungua yote na weka alama. Kila mein kepu (kifuniko kinachobana krenki) irudi palepale ilipotoka na mshale uangalie mbele, ukichanganya kepu bloku umeiharibu. Toa na plagi za njia za oili, usiache hata moja.

Hatua ya pili ndo kiini cha yote. Stadi inavuta kepu kwa nguvu kuliko boliti ya kiwandani, sasa lile tundu la mein lililokuwa duara linabadilika shepu. Ya kwanza niliyofunga mimi nilitoa boliti nikaweka stadi nikakaza nikafunga, krenki ilikuwa nzito kidogo kugeuka nikajua ni upya wa bearingi, wiki ya tatu ikanoki karibu na Kibaigwa mteja akiwa na familia ndani, nilipofungua bearingi za katikati zimelika upande mmoja tu. Iliniuma sana ile. Tangu siku hiyo nafunga stadi na kepu bila bearingi, nakaza hadi torki ya mwisho, napima kila tundu kwa bore geji (kipimo cha ndani ya tundu) wima na mshazari, likiwa limetoka kwenye duara bloku inaenda kwa wenye mashine kunyooshwa mein zote kwa mstari mmoja. Kama huku hupati mashine hiyo peleka Dar, usikubali mtu akukwangulie kwa msasa.

Torki ya boliti za kiwandani ni 44 Nm halafu unazungusha tena nyuzi 90, yaani robo mzunguko. Za stadi fuata karatasi iliyokuja nazo pamoja na grisi yake, maana ukikaza kwa oili ya kawaida kipimo kinadanganya. Stadi ingiza kwa mkono tu, nati kaza kwa awamu tatu ukianzia kepu ya kati kwenda nje.

Hatua ya tatu, nafasi ya oili. Hiyo ni nafasi kati ya bearingi na jino, ile sehemu ya duara ya krenki inayozunguka ndani yake. Jino la mein kwenye krenki ni 62 mm, la konrodi 52 mm. Kwa injini ya nguvu mimi nahesabu 0.025 mm kwa kila 25 mm ya jino, inakuja kama 0.06 kwenye mein na 0.05 kwenye konrodi. Plastigeji (uzi laini unaobanwa ili kupima nafasi) inasaidia kuhakikisha, ila tegemea maikromita. Ukiongeza nafasi na oili iwe nzito kidogo. Krenki kwenda mbele na nyuma iwe kati ya 0.02 na 0.22 mm.

Konrodi na pistoni weka za fojidi (za kufuliwa, ngumu zaidi) kama bajeti ipo, zote zipimwe uzito na krenki ibalansiwe nazo. Ringi ya juu acha mwanya wa 0.45 hadi 0.5 mm, turbo inachemsha ringi, zikigusana zinavunja pistoni.

Usafi sasa. Wenye kukaa Dodoma mnajua upepo wa Agosti na vumbi letu, injini usiifungie nje chini ya mwarobaini. Osha bloku kwa maji ya moto na sabuni, brashi ipite kila njia ya oili, puliza, pitisha kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe, halafu paka oili hapohapo kabla kutu haijaanza. Na kwenye rejeta weka kulanti, maji yetu ya bomba yana chumvi yatakula njia za bloku.

Oili pampu weka mpya na sili ya mbele iwekewe kibati cha kuizuia, 2JZ inajulikana kwa kuisukuma nje. Puli ya krenki ile yenye mpira, ikiwa imepasuka tupa, mtikisiko wake unavunja gia za pampu.

Kuwasha: chomoa plagi na umeme wa nozeli, piga stata mpaka presha ya oili ionekane kwenye geji, ndo uwashe. Baada ya dakika 30 mwaga oili, kata filta kwa msumeno, tandaza karatasi yake juani. Chenga ndogo za ringi ni kawaida, ukiona rangi ya shaba ni bearingi inalika, zima gari, shusha sampu (karai la oili) siku hiyohiyo.