Jinsi ya kufuatilia hela ya mradi wa mtaani kwenu, kuanzia kwenye bajeti mpaka kwenye futi kamba

Wengi wetu tunaanza kuulizia mradi siku mtaro umeshapasuka, na hapo unakuwa umefika msibani siku ya arobaini, hela imeshalipwa, mkandarasi kashahamisha mashine zake yuko wilaya nyingine, aliyebaki ni diwani wa kutukanwa tu. Mimi nimekaa kwenye kamati ya mtaa miaka mitatu, mji mdogo tu wa Tanzania bara wenye halmashauri ya mji, stendi moja, soko moja na vumbi la kutosha, kwahiyo haya ninayoandika sikuyasoma semina, nimeyajua kwa kuzungushwa.

Kabla ya chochote jua mradi ni wa nani. Hapa ndo watu wanapotea kabisa. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Barabara za mitaani, mitaro yake na makalavati yake, tangu 2017 ni za TARURA, na TARURA haiko chini ya mkurugenzi wa halmashauri, ina meneja wake wa wilaya na ofisi yake. Halmashauri yenyewe inabaki na vitu kama soko, stendi, machinjio, dampo, zahanati, madarasa, vyoo vya shule. Mimi nilimsumbua diwani wetu karibu miezi mitatu kuhusu kipande cha barabara ya nyuma ya soko, mzee wa watu kila siku ananiambia "nalifanyia kazi", kumbe hata yeye alikuwa anaenda kuuliza kwenye ofisi ambayo faili halipo. Siku nimeenda kwa meneja wa TARURA nikajibiwa kwa dakika kumi. Kwahiyo kabla hujapandisha sauti uliza swali moja tu, nani amesaini mkataba huu? Huyo ndo wako.

Alafu hela imetoka wapi. Ukiona mradi wa halmashauri kuna njia tatu hivi: mapato ya ndani (ushuru wa soko, stendi, leseni, vibali vya ujenzi), hela kutoka serikali kuu, au hela ya mfadhili iliyopitia serikali kuu. Hii sio habari ya kujifurahisha, manake kila njia ina mwenye kuulizwa. Ya mapato ya ndani madiwani wana sauti kubwa, wanaweza kuihamisha wakitaka. Iliyotoka juu imeshakuja na jina lake, mfano zile za UVIKO mwaka 2021, darasa moja la sekondari milioni 20, hapo diwani hana cha kubadilisha, anaweza kusimamia tu.

Kalenda uibandike ukutani kabisa. Mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni. Ila mambo yanapikwa mapema zaidi, vipaumbele vya mtaa vinaulizwa miezi ya mwisho wa mwaka, vinapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata (wenyewe wanaiita WDC), baraza la madiwani linapitisha bajeti kwenye Januari au Februari. Ukienda mwezi wa tano kuomba mtaro wako uingizwe utaambiwa "tumeupokea" na ndo imetoka hiyo. Mkutano wa mtaa wa vipaumbele huwa na watu kumi na tano, wazee na wamama wa vikoba, vijana tuko kwenye bodaboda tunalalamika. Nenda, na uhakikishe mtendaji anaandika mradi kwenye muhtasari kwa jina na kwa urefu, "mtaro kutoka msikitini hadi daraja la mbao", usikubali aandike "kuboresha miundombinu", hiyo haina maana yoyote na baadae kila mtu anaitafsiri anavyotaka.

Sasa tenda. Siku hizi zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa NeST, ulianza 2023, na mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuingia akaona zabuni zilizotangazwa na zilizotolewa. Tafuta jina la taasisi, chukua namba ya zabuni, jina la mkandarasi na thamani. Jina hilo lipeleke kwa bodi ya makandarasi, CRB, uone amesajiliwa daraja la ngapi, madaraja ni saba na la kwanza ndo la wakubwa, kila daraja chini ya hilo la kwanza lina kikomo cha kazi anayoruhusiwa. Na hapa niseme kitu ambacho kinawatetea madiwani kidogo, hawakai kwenye bodi ya zabuni. Wanaotathmini na kutoa tenda ni wataalam, na afisa masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa hela yote, ni mkurugenzi. Kwahiyo ukisikia "diwani kampa tenda shemeji yake" uliza kwanza kampaje, inawezekana kuna mchezo kweli ila mchezo unapita kwa mtu mwenye saini.

Karatasi moja unayoihitaji kuliko zote ni BQ. Ile orodha ya kazi na vipimo na bei, inasema mtaro mita ngapi, upana gani, nondo za milimita ngapi, zege la uwiano gani. Bila BQ wewe ni mpiga kelele, ukiwa nayo wewe ni mkaguzi. Watakuambia ni siri ya mkataba. Usibishane mlangoni, andika barua. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inampa mwenye taarifa muda usiozidi siku 30 kukujibu. Barua iwe fupi: mimi fulani mkazi wa mtaa fulani, naomba nakala ya BQ na muda wa mkataba wa mradi namba fulani, kwa mujibu wa sheria hiyo. Basi. Usiweke malalamiko humo humo wala usitaje wizi. Peleka masjala nakala mbili, moja wagonge muhuri na tarehe ubaki nayo, hiyo ya muhuri ndo mali yako, mimi nimeona mafaili yakipatikana ghafla kwa sababu ya muhuri wa wiki mbili zilizopita. Ikishindikana kabisa muombe injinia akusomee vipimo vikuu wakati wewe unaandika, wengi wanakubali, kutoa karatasi ndo wanaogopa.

Haya, saiti. Hapa ndo penye utamu, na ndo watu wanapadharau.

Siku ya kwanza piga picha bango la mradi. Linatakiwa lioneshe jina la mradi, mkandarasi, msimamizi, chanzo cha fedha, muda. Kama hakuna bango ndo swali lako la kwanza hilo. Alafu usiende saiti kila siku kama mke mwenye wivu, nenda siku mbili tatu zenye maana. Siku ya kuchimba msingi, siku nondo zimefungwa kabla hazijafunikwa, na siku ya kumwaga zege. Zege likishamwagwa ushahidi umezikwa hapo hapo.

Zege la kawaida la mitaro na vizimba mara nyingi linaandikwa 1:2:4, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Kwahiyo mfuko mmoja unakula mchanga lita 70, ambayo ni ndoo tatu na nusu za lita 20, na kokoto ndoo saba. Simama pembeni hesabu. Sio lazima useme kitu, hesabu tu kwa sauti ya chini kama unasali, mafundi wanakusikia. Ukiona mfuko mmoja umemezwa na toroli sita zilizojaa mpaka juu, hilo ni la 1:2:4 kwenye karatasi tu. Angalia na maji, zege linalomiminika kama uji wa mtoto ni rahisi kusambaza ila likikauka linakuwa bovu. Na baada ya kumwaga linatakiwa limwagiliwe angalau wiki nzima, mtaani kwetu tuliwapa zamu wenye nyumba za jirani, kila mtu na ndoo yake asubuhi na jioni, haikugharimu kitu.

Kwa barabara ya changarawe kuna ujanja wa sentimita 15. BQ ikisema tabaka la sentimita 15 inamaanisha baada ya kushindiliwa. Wao wanamwaga moramu ya sentimita 15 imevimba, greda inapita, shindilia inapita, inabaki pungufu na wewe ulipima ile iliyovimba ukaridhika. Ngoja wamalize, chimba kashimo kadogo pembeni mbele ya msimamizi, weka rula.

Kama ni fosi akaunti (shule na zahanati nyingi zinajengwa hivi) hakuna mkandarasi, vifaa vinanunuliwa moja kwa moja na fundi wa mtaani analipwa ufundi. Inapunguza gharama kweli ila mlango wa wizi unahamia stoo. Kunakuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wananchi wanaingia humo. Gombea ya mapokezi. Watu wanakimbilia ya manunuzi wakidhani kuna posho, ila anayehesabu mifuko inaposhuka kwenye Canter na kukataa kusaini kabla ya kuhesabu ndo anayeokoa jengo.

Sasa nikupe kisa chetu. Mtaro wa mawe, BQ inasema mita 300, bei shilingi 110,000 kwa mita. Kazi imeisha, nikaazima futi kamba ya mita 30, mimi na kijana mmoja wa fundi seremala, tukapima jumamosi asubuhi. Mita 262. Tukarudia kutoka upande wa pili, 262 hiyo hiyo. Pungufu mita 38, piga hesabu ni 4,180,000. Mimi damu ikachemka, nilishaanza kutunga ujumbe wa grupu la mtaa, nashukuru yule kijana aliniambia "kaka uliza kwanza". Tukaandika barua ya vipimo tu. Jibu likaja kwamba mita 20 zilihamishiwa kwenye kalavati ambalo halikuwepo kwenye usanifu wa mwanzo, na kulikuwa na barua ya mabadiliko ya kazi imesainiwa, tukaiona. Halali kabisa. Zile 18 zilizobaki hazikuwa na karatasi yoyote. Mkandarasi alirudi akazijenga, hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyekamatwa, mtaro ukafika darajani. Ningerusha ule ujumbe wa milioni nne zimeliwa ningeumbuka kwa zile 20 na hizi 18 zingepotelea humo humo.

Wakigoma kukujibu panda ngazi kwa mpangilio, usiruke. Mtendaji wa kata, diwani, mkurugenzi, na nakala kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri, huyu watu wanamsahau kabisa. Kamati ya fedha inakaa kila mwezi na inatembelea miradi, mpe diwani vipimo vyako kwenye nusu karatasi aende navyo, diwani akiwa na namba anakuwa mtu mwingine kabisa kikaoni. Baraza lenyewe linakaa kila robo mwaka na mwananchi unaruhusiwa kuingia kusikiliza, huruhusiwi kuchangia, ila madiwani wakiona watu wa mtaa wako wamejaza benchi la nyuma mazungumzo yanabadilika. Ripoti ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) inatua bungeni mwezi wa nne, ipakue utafute jina la halmashauri yenu, baadae huwa kuna baraza maalum la hoja zake na hilo usilikose. Rushwa yenye ushahidi ni TAKUKURU. Na kuna Mwenge jamani, tucheke ila ni kweli, mradi ukiwa kwenye ratiba ya Mwenge nyaraka zote zinapatikana, rangi inapakwa usiku, na mkimbiza mwenge akigoma kuuzindua wote wanakimbia.

Cha mwisho ambacho karibu hakuna anayekifuatilia ni hela inayozuiwa. Kwenye kila malipo ya mkandarasi kuna asilimia inabakizwa, mara nyingi 5 mpaka 10, inakaa mpaka kipindi cha matazamio kiishe, miezi 6 au 12 kutegemea mkataba. Ndani ya muda huo kasoro yoyote anarudi kuitengeneza kwa gharama zake. Ukiisha analipwa chake na mkimpigia simu hapokei. Kwahiyo siku ya makabidhiano uliza tarehe ya mwisho ya matazamio, iweke kwenye simu na alamu ya mwezi mmoja kabla. Subiri mvua kubwa inyeshe, pita na miguu mtaro mzima, piga picha kila ufa ukiwa umeweka kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane, andika barua yenye mita za kila ufa unapoanzia, ipeleke masjala kabla ya ile tarehe. Nakala igongwe muhuri.