Kompresa ya AC inazunguka na wewe umeizima? Anza hapa

Shemeji yangu alinipigia jioni moja: "Shemeji, AC nimeizima tangu asubuhi, lakini gari ni zito kama nimeiwasha. Nikisimama kwenye taa nasikia linatetemeka." Nikamwambia alilete kesho yake. Nilidhani ni kazi ya dakika ishirini. Ilinila kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, na saa nyingi kati ya hizo nilizipoteza kwa kuruka hatua moja ndogo. Hiyo nitaieleza kwa kirefu. Nyingine zinapita haraka.

1. Hakikisha kweli inazunguka

Fungua boneti, injini ikiwa inawaka. Tafuta kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC: puli inayovutwa na mkanda, yenye mabomba mawili ya alumini nyuma yake. Usitazame puli, kwa sababu puli huzunguka muda wote mkanda unapotembea. Tazama sahani iliyo mbele ya puli. Ikiwa imetulia huku puli inazunguka, kompresa imelala. Ikiwa inazunguka pamoja na puli, inafanya kazi. Ikikusumbua macho, zima gari, chora mstari wa chaki kwenye sahani, washa tena. Mikono na mikono ya shati iwe mbali. Mimi huingiza simu yenye tochi na kurekodi video kuliko kuingiza kichwa.

Halafu kuna kompresa zisizo na klachi kabisa, yaani ile sumaku ya umeme inayoivuta sahani ishikane na puli. Magari mengi ya miaka ya karibuni yanazo. Hapo sahani na puli ni kitu kimoja, zinazunguka siku zote, na kazi hupunguzwa au kuongezwa na vali ya umeme iliyo ndani. Mtu akizoea magari ya zamani anaona sahani inazunguka, anasema kompresa imeganda, anauziwa nyingine. Kwa hizi gusa mabomba, palipo mbali na mkanda. Bomba nene likiwa la baridi na linatoa jasho, na lile jembamba likiwa la moto, gesi inasukumwa. Yakiwa na joto moja, hakuna kazi inayofanyika hata kama puli inazunguka.

Feni ya rejeta kuunguruma si ushahidi. Inaweza kuwashwa na joto la injini tu.

2. Angalia swichi ya hewa kabla ya kushika spana

Wengi wanaokuja na lalamiko hili huwa wameweka hewa iende kwenye kioo cha mbele. Ukichagua hivyo, magari mengi huwasha kompresa yenyewe, na mengine hayawashi hata taa ya kitufe cha AC. Sababu ni kwamba hewa ikipita kwenye kile kipoozeo kilicho nyuma ya dashibodi, maji yaliyomo hewani hugeuka matone juu yake kama jasho kwenye chupa ya maji baridi, yanadondokea chini ya gari, na hewa inayotoka ni kavu. Hewa kavu ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo. Ndiyo maana unaweza kuwa umeweka hewa ya moto na kompresa bado inafanya kazi. Ubaridi unakausha, kisha hita inapasha.

Kwenye baadhi ya magari hata ile nafasi ya mchanganyiko, miguuni na kiooni, hufanya hivyohivyo. Na ukiwa umebonyeza AUTO, umelikabidhi gari uamuzi, usilalamike likiamua. Geuza hewa ije usoni, zima AUTO, zima AC, subiri dakika moja, angalia tena sahani. Ikitulia, funga boneti, huna ugonjwa. Magari mengine yanakuruhusu kulizima hilo jambo kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio fulani. Umeandikwa kwenye kitabu cha gari, na mimi sioni sababu ya kulizima.

Kwenye baridi kali mambo hugeuka: nje kukikaribia nyuzi sifuri, magari mengi huizuia kompresa hata ukiiomba.

(Watu wa zamani hawakuwa hata na pa kubonyeza. Packard za 1940, miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa na AC, hazikuwa na klachi kwenye kompresa. Ukitaka kuizima unazima injini, unafungua boneti, unauvua mkanda.)

3. Gari lako ni la umeme au haibridi?

Basi soma hapa na uishie hapa. Kompresa yake haivutwi na mkanda, ina mota yake, kwa hiyo inaweza kuwaka injini ikiwa kimya. Toyota Prius imekuwa hivyo tangu kizazi cha pili, kilichotoka 2003. Kwenye magari mengi ya umeme, gesi hiyohiyo ya AC hupoza na betri kubwa, ndiyo maana unasikia kompresa ikinguruma wakati unachaji haraka na ndani hakuna mtu. Tesla ina mpangilio unaozuia ndani kupita takriban nyuzi 40 gari likiwa limeegeshwa juani. Usipoujua, utadhani gari lina jini. Angalia kwanza mipangilio ya skrini na ya programu ya simu. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse. Zina mamia ya volti, na mwongozo huu hauzihusu.

4. Chomoa rilei

Injini ikiwa imezimwa, tafuta rilei ya AC (swichi ndogo ya umeme inayopeleka umeme kwenye klachi) kwenye boksi la fyuzi; mchoro uko chini ya mfuniko. Ichomoe, washa gari.

Kompresa ikitulia, chukua rilei pacha kutoka kwenye honi au kwingine, mradi namba zilizoandikwa juu yake zifanane, uipachike pale. Ikiendelea kutulia, ile ya zamani ilikuwa imeng'ata ndani na haiachii. Nunua mpya. Usiigonge na bisibisi ili iachie. Itaachia, na wiki ijayo itang'ata tena usiku, na asubuhi betri imekwisha: koili ya klachi, yaani waya uliosokotwa unaotengeneza ile sumaku, huwa na kama omu 3 hadi 4, yaani inakula ampia 3 hadi 4. Zidisha kwa saa nane za usingizi, unapata ampia-saa karibu 30, na betri ya gari dogo ina kama 45.

Pacha nayo ikiivuta kompresa, ruka hadi hatua ya 6.

Na ukichomoa rilei, kompresa ikaendelea kuzunguka? Hiyo ndiyo ilikuwa ya shemeji.

5. Chomoa plagi ya koili. USIRUKE HAPA.

Nilipoona rilei iko mkononi mwangu na sahani bado inazunguka, nikajiambia: kuna waya umechubuka, unapata umeme kutoka waya jirani. Ni jambo linalotokea kweli, ndiyo maana nililiamini haraka. Nikavua plastiki ya chini, nikafuata fungu la nyaya sentimita kwa sentimita, nikafungua utepe, nikafunga utepe. Nyaya zilikuwa safi. Saa nne zilikuwa zimekwenda ndipo nikachomoa ile plagi ndogo ya waya mmoja inayoingia kwenye koili ya klachi. Nikawasha gari. Sahani ikaendelea kuzunguka.

Yaani haikuwa na umeme wowote. Ilikuwa inakokotwa.

Kwa hiyo fanya hivi, kwa mpangilio huu. Zima injini, toa ufunguo. Sogeza ncha ya bisibisi kwenye sahani: ikivutwa kama sumaku, koili ina umeme hata gari likiwa limezimwa, na shida ni ya waya au rilei. Isipovutwa, hujamaliza, kwa sababu waya mbovu unaweza kupata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu. Sasa chomoa plagi, uifunge pembeni isiguse mkanda, washa injini. Sahani ikisimama, kafuate nyaya, na multimita (kipimo cha umeme) pale kwenye plagi itakuambia ni lini umeme unafika. Sahani isiposimama, achana na nyaya kabisa.

Kinachokokota ni nini? Kati ya sahani na puli lazima pawe na nafasi. Kwa klachi nyingi ni kama milimita 0.3 hadi 0.7, tafuta kipimo cha gari lako. Ipime kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya chuma, injini ikiwa baridi, sehemu tatu kuzunguka sahani. Usipime sehemu moja ukaridhika. Mimi nilipata 0.4 upande mmoja, na upande wa pili hata kibapa chembamba kabisa hakikupita. Nikamuuliza shemeji kama kompresa iliwahi kufunguliwa. "Eeh, fundi alibadilisha beringi ya puli." Alipofunga, vile viwasha (washa, vipete vya chuma) vyembamba vilivyo nyuma ya sahani, vinavyoweka ile nafasi, havikurudi vyote, na sahani ilikaa upande.

Tahadhari. Moja, tikisa puli kwa mkono gari likiwa limezimwa: ikicheza, beringi imekufa, na kuongeza viwasha ni kujidanganya. Mbili, sahani yenye rangi ya bluu au harufu ya kuungua imeshapata moto mwingi, badilisha klachi. Tatu, mfumo ukiwa hauna gesi, kompresa huwa nyepesi na huzungushwa hata na msuguano mdogo, kwa hiyo usishangae tatizo likionekana kubwa kuliko lilivyo. Nne, bolti ya katikati ya sahani haitaki nguvu za bomba refu. Shika sahani kwa kifaa chake, usiingize bisibisi kwenye puli.

Nikaongeza viwasha, nikapata 0.5 pande zote tatu, nikarudisha plagi na rilei. Kisha tukaendesha nusu saa na kurudi kuangalia tena, maana chuma kikipata joto hutanuka na nafasi iliyokuwa finyu hupotea. Mstari wa chaki ulikuwa umetulia pale pale.

Kazi yote hii haikuhitaji kufungua gesi. Mtu akikwambia kompresa isiyozimika inaponywa kwa kujaza gesi, chukua ufunguo wako.

6. Rilei ni nzima lakini inaamriwa

Hapa unahitaji skana inayosoma data gari likiwa linawaka. Tafuta mstari wa ombi la AC. Ukisoma kwamba ombi lipo na hujabonyeza kitu, shida iko kwenye paneli ya vitufe. Soda iliyomwagika ni mtuhumiwa wangu wa kwanza. Ivue uangalie kama vitufe vinanata. Ukisoma kwamba ombi halipo na kompresa imewaka, waya mwembamba unaoiamuru rilei umegusa bodi mahali fulani, au kompyuta yenyewe imeharibika. Ufuate huo waya kwa multimita. Taa ya kupimia usiitumie kwenye nyaya za kompyuta: inavuta umeme mwingi kuliko njia hizo zilivyokusudiwa, na unaweza kuua kilichokuwa kizima.